Pipa Lenye Miguu

Wifi yangu Agnella hakuwahi kumpa mtu kiganja. Ukimnyooshea mkono, alikupa kifundo cha mkono wake, vidole amevikunja kwa ndani, kama anavyofanya mtu uliyemkuta anapara samaki. Wengine hufanya hivyo wakiwa na mikono michafu au yenye majimaji. Yeye alifanya hivyo mikono ikiwa mikavu na safi. Alifanya hivyo kanisani wakati wa kutakiana amani, alifanya hivyo msibani, na alifanya hivyo siku alipoletwa kwetu bibi harusi, mbele ya baba zangu wadogo, ambao waliondoka wakinong'ona kwamba kaka yangu Osward ameoa mwanamke anayetuona sisi sote wachafu. Tulipozoeana nilimuuliza. Akasema mkono wake ni wa kupikia watu, na watu hawajui mikono yao imetoka wapi. "Hata wewe mwalimu," akaniambia, "hujui chaki hiyo ilishikwa na nani kabla yako."

Alizaliwa Idete. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo wa kubebwa, akalelewa na bibi yake katika nyumba ambayo ghala lake lilikuwa zuri kuliko chumba cha kulala. Ghala hilo alilisimulia mara nyingi kuliko alivyomsimulia mama yake. Lilisimama juu ya miguu minne ya mti mgumu, na kila mguu ulivalishwa bati la duara lililoinama kama sahani iliyofudikizwa, ili panya akipanda agonge kichwa kwenye bati na kuanguka. Bibi yule alikuwa akisema kwamba mpunga wa mwanamke mvivu huliwa kwanza na panya, watu wakala mabaki. Agnella alikua akiwa na hofu ya kula mabaki ya panya, na nadhani hofu hiyo ndiyo iliyompeleka jikoni, na kutoka jikoni ikampeleka sokoni.

Kule kwetu alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa chake. Mashamba ya mpunga ya Idete, ambayo Osward aliyalima, yalikuwa ya ukoo wetu. Nyumba ya Katindiuka ilisimama kwenye kiwanja cha baba yetu. Hata watoto wake, Vitus na wadogo zake, kwa desturi walihesabiwa kuwa wa kwetu. Lakini kibanda cha chakula katika soko la Ifakara, upande wa wauza samaki, alikijenga mwenyewe, mabati kwa mbao, kabla hata Vitus hajaanza shule. Aliuza wali kwa samaki, perege au kitoga, na mboga ya majani pembeni. Mpunga wa Osward ulikobolewa mashineni, mchele ukapikwa na Agnella, na watu wakala. Jumamosi nilikuwa nikienda kukaa kwenye benchi lake, nikamsikiliza akigombana na wateja waliotaka kunawa bila sabuni.

Jalala la soko lilikuwa karibu na kibanda hicho kiasi kwamba upepo ukigeuka ulijua wauza samaki wametupa nini asubuhi. Matumbo ya samaki, nyanya zilizooza, majani ya migomba, mifuko, maganda ya miwa. Gari la kuzoa lilikuja lilipopenda. Nzi walitoka jalalani wakatua kwenye sahani, na Agnella aliwafukuza kwa kitambaa tangu anafungua hadi anafunga.

Mwaka mmoja watu waliharisha mtaa kwa mtaa, na wengine walizikwa. Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa bado mbali, bwana afya alipita sokoni na kusema kwamba takataka zisipofunikwa kabla ya masika, vibanda vyote vya chakula upande ule vitaondolewa. Wauzaji wenzake Agnella walisema maneno hayo husemwa kila mwaka. Chiku, aliyeuza chai na chapati kibanda cha pili yake, alisema bwana afya mwenyewe hula kwake na hanawi. Agnella hakucheka. Jioni ile aliniambia kwamba akiondolewa pale hatakuwa na mahali duniani ambapo anaweza kumwambia mtu toka.

Alianza kwa njia rahisi. Alinunua pipa la bati lenye mfuniko na kuliweka kando ya jalala. Baada ya siku chache pipa lilikuwa tupu na uchafu umelizunguka pande zote. Alikaa akatazama. Akaona kwamba hakuna aliyekuwa tayari kushika mfuniko. Mtu alifika na karai lake, akautazama mfuniko uliojaa utelezi, akakumbuka kwamba bado hajala, akamwaga chini. Akauondoa mfuniko. Mbwa na kunguru wakaingia. Akaurudisha, akakata tundu katikati. Majani ya migomba yakaziba tundu. Hapo ndipo alipokwenda kwa Mudathiri.

Mudathiri alikuwa fundi wa kuchomelea milango na mageti, mtu ambaye babu yake alikuja bondeni kuuza nguo kutoka pwani na hakurudi tena. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko. Agnella alimwambia anataka pipa linalofunguka bila kuguswa na mkono. Mudathiri alifikiri kidogo, akatoa pedeli ya baiskeli kwenye chuma chakavu, akaunga nondo kutoka kwenye pedeli kupita chini ya pipa hadi nyuma ya mfuniko. Ukikanyaga, mfuniko unainuka. Mudathiri alijaribu mara kadhaa, akafurahi kama mtoto. Agnella naye alijaribu, akasema halifai.

Pedeli ilikuwa juu mno. Mudathiri akasema mbona yeye anakanyaga bila shida.

"Fundi, takataka za soko hili anabeba nani?" Agnella akamuuliza.

"Wanawake."

"Basi jifunge khanga."

Mudathiri alikataa, lakini watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na mwanamume aliyekataa mbele ya wauza samaki wa Ifakara hana amani tena. Alijifunga khanga ya Chiku kiunoni. Wakamtwisha karai lenye matumbo ya kambale. Akainua mguu kutafuta pedeli, khanga ikafunguka, karai likayumba, na matumbo yakamshukia begani.

"Funga vizuri fundi," Chiku akamwambia, "tunakuona hadi Mang'ula."

Siku iliyofuata pedeli ilikuwa chini, karibu na ardhi, pana kiasi cha kukanyagwa kwa vidole vya mwenye kandambili. Mimi nilikuwapo Jumamosi ile na niliikanyaga mwenyewe. Lakini mfuniko ulipojifunga ulipiga kelele ya kushtua watoto, na nzi waliingia kwenye ufa wa pembeni. Mudathiri akazungushia ukingo mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori. Kelele ikafa, na ufa ukafa. Ndani likawekwa kiroba ili mzoaji akivute bila kugusa uchafu, na chini likatobolewa vitundu vya kutoa maji ya samaki, kila kitundu kikawekewa chujio la waya.

Lilibaki suala la mafuriko. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia sokoni na kubeba kila kilicho chini. Agnella akasema pipa lipewe miguu. Mudathiri akachomelea miguu minne ya bomba, ambayo ingesimikwa ardhini, na pedeli ikaning'inizwa chini kwa nondo ndefu zaidi. Panya wakapanda miguu hiyo usiku wa kwanza. Ndipo Agnella alipokumbuka, au pengine hakuwahi kusahau. Alimwelekeza Mudathiri akate mabati ya duara, ayatoboe katikati, ayavalishe kila mguu yakiwa yameinama.

Nilipoliona limekamilika nilimwambia linafanana na kitu ninachokijua. Akasema ndiyo, ni ghala la bibi yake. Alisema hivyo kwa raha, akiwa ameshika kiuno, na mimi nikaona raha pamoja naye. Mudathiri alilipaka rangi ya buluu, na kwa mbele akaandika TAKA kwa herufi nyeupe kubwa.

Masika ile lilifanya kazi. Sijui kuelezea furaha ya kuona karai linamwagwa mahali panapotakiwa. Wanawake walifika na mizigo kichwani, mtoto mgongoni, wakakanyaga, wakamwaga, wakaondoka, wala hawakusimama. Nzi walipungua kwanza upande wa Agnella, kisha kwa Chiku. Wafanyabiashara waliona, wakachanga, kila mmoja kwa alichonacho, na Mudathiri akatengeneza mapipa mengine ya kutosha upande wote wa samaki na wa mboga. Lumemo ulifurika kidogo, maji yakapita chini ya mapipa kama yanavyopita chini ya daraja. Bwana afya alirudi, akatazama, akakanyaga pedeli zaidi ya ilivyohitajika, akasema vibanda vitabaki. Mwenyekiti wa soko alipiga picha akiwa amesimama kando ya pipa. Agnella hakuwamo kwenye picha kwa sababu alikuwa anageuza samaki.

Nikitazama nyuma naona kwamba kosa lilikuwa limeshasimama pale sokoni, limepakwa buluu, na sisi sote tulikuwa tunalisifu. Bonde hili watu wake huzaliwa na mpunga na hufa na mpunga. Mtu wa hapa akiona chombo kilichoinuliwa kwa miguu, kina mabati ya kuzuia panya, kina mfuniko usiopitisha hata unyevu, na kinafunguka kwa mguu wakati mikono yake imeshika gunia kichwani, haoni pipa la taka hata kama limeandikwa. Anaona jibu la maombi yake.

Mavuno yalipofika mwaka ule, panya walifika nayo. Walikuwa wengi kuliko miaka iliyotangulia, wakitoboa viroba na kukata mpaka mikeka. Wakulima walianza kumjia Mudathiri kuagiza mapipa ya kuwekea mpunga. Alitengeneza mpaka bati na mabomba vikaadimika mjini. Halafu, wakati wale waliochelewa wakirudishwa na maneno ya kusubiri, mapipa ya soko yakaanza kupotea. Asubuhi unakuta mashimo manne ardhini na pembeni yake kiroba cha uchafu kilichoachwa kwa heshima, kimefungwa mdomo.

Yalipotea moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa la Agnella mwenyewe, lile la kwanza, lililomfanya Mudathiri ajifunge khanga. Jalala likarudi lilipokuwa, na nzi wakarudi pamoja nalo.

Sikuwahi kumwona amekasirika vile. Alisema kwenye jumuiya, baada ya rozari, kwamba kati yao waliokuwa wanasali pale kuna mtu anayelisha watoto wake kutoka jalalani. Alimwambia mwenyekiti wa soko kwamba mapipa hayakuruka, yako majumbani, na yatafutwe. Mwenyekiti alisita kwa wiki kadhaa. Akasema watu ni majirani, mavuno ni mavuno. Agnella akamwambia kwamba yeye mwenyewe amewatangazia watu kwa muda wote huu kuwa kilichoingia taka hakirudi mdomoni, na kwamba mwenyekiti asipokwenda kutafuta atakwenda peke yake na ataita majina barabarani. Mwenyekiti akachukua mgambo wawili wakaanza Katindiuka.

Waliyakuta. Moja lilikuwa kwa mzee wa kanisa, limefunikwa mkeka. Jingine lilikuwa kwa shemeji wa mwenyekiti, na hapo mwenyekiti alikohoa sana. Yote yalikuwa yamejaa mpunga mkavu, msafi, usiokuwa na alama ya jino. Wenye nyumba hawakukana wala hawakuona haya. Walisema wameyaosha. La Agnella halikuonekana, na mmoja wa wale waliokamatwa, aliyeitwa Seni, akiwa amechoka kutazamwa, alisema kwamba kama wanatafuta kwa haki wafike na Idete.

Agnella hakuelewa. Mimi nilielewa kidogo kabla yake, kwa sababu ni kaka yangu.

Tulikwenda kesho yake, ilikuwa Jumamosi, sisi na mwenyekiti na mgambo mmoja kwenye guta la kukodi. Osward alikuwa na nyumba ndogo kule shambani, ambako alikaa wakati wa mavuno. Agnella hakuwa amefika huko tangu palizi, kwa sababu ya kibanda. Tulimkuta mlangoni akipepeta. Alimwona mgambo, akamwona mke wake, akaweka ungo chini. Hakujaribu kuzuia. Pipa lilikuwa chumbani, limeinuliwa kwenye kona, na upande wenye herufi ulikuwa umegeuziwa ukutani.

"Nililiosha," alisema. "Kwa sabuni, kwa majivu, nikalianika jua kali."

Agnella alikanyaga pedeli. Mfuniko ukainuka bila kelele, kama alivyotaka uinuke. Alitazama mpunga muda mrefu.

"Mchele ulionitumia wiki zote hizi, ulitoka humu?"

Osward akafanya jambo ambalo sijawahi kumsamehe, ingawa najua hakuwa na nia mbaya. Alitabasamu. Alichota punje kiganjani akamwonyesha.

"Tazama mama. Panya hawajagusa hata moja. Mwaka jana tulikula mabaki. Kitu chako kinafaa kuliko ulivyofikiri."

Kaka yangu alimpenda mke wake. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Alikuwa amelibeba pipa lile kwa mkokoteni usiku mzima akiamini kwamba soko litapata jingine, fundi yupo, na kwamba kitu kizuri kilichotoka kichwani kwa mke wake kilikuwa kinawahudumia wauza samaki wakati nyumba yake inaliwa na panya. Angeweza kumwomba. Hakumwomba kwa sababu alijua jibu.

Mwenyekiti alituita kando. Alikuwa ameona njia ya kutokea, kwa ajili yake na kwa ajili ya shemeji yake. Alisema kwa upole kwamba mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Mpunga una maganda. Unakobolewa, unaoshwa, unachemshwa. Hakuna aliyeugua. Kila mwenye pipa atalirudisha mpunga ukiisha, na soko halina haja ya kujua lipi lilikuwa wapi. Hata mimi, nikisikiliza, niliona kwamba kila neno lake lilikuwa kweli.

"Kila mmoja alirudishe mpunga ukiisha," Agnella alirudia, kama mtu anayejifunza sala mpya.

Jumatatu Agnella hakuwasha moto. Alisubiri mpaka wateja wake wa kila siku wamekaa, wapakia mizigo, mafundi baiskeli, kina mama waliotoka hospitali kuuguza, akasimama mbele yao na kuwaambia kwamba wali walioula kwake kwa wiki kadhaa ulitokana na mpunga uliolala kwenye pipa la taka la soko, kwamba hakujua, na kwamba sasa anajua. Chiku aliniambia kwamba ulisikia mashine za kukoboa za barabara ya pili. Kisha mmoja akatema mate. Mwingine akasema yeye tumbo lilimsumbua wiki iliyopita, na ghafla kila mtu akakumbuka tumbo lake.

"Ungenyamaza tu dada," Chiku akamwambia. "Nani angejua?"

"Mimi," alijibu.

Watu hawakuondoka kimya. Walisema alitengeneza mapipa kwa michango yao ili mumewe apate ghala. Walisema ndiyo maana yalikuwa na miguu ya ghala tangu mwanzo. Vijana wa kupakia mizigo walitunga jina, wali wa buluu, na kila alipopita mmoja aliagiza sahani kwa sauti. Mzee mmoja aliyekula kwake tangu kibanda kinajengwa aliendelea kuja siku chache, akaketi, akanywa maji, akaondoka. Bwana afya hakuhitaji tena kumwondoa mtu.

Alijaribu kununua mchele wa dukani na kuutangaza. Alipika chini ya macho ya watu, akafungua kiroba kipya mbele yao. Lakini mtu akishaona kinyaa hukiamini kuliko macho yake. Wateja walihamia kwa Chiku, ambaye aliongeza wali kwenye chapati zake. Chiku alinunua mchele Katindiuka, kwa wale wale waliokutwa na mapipa, na hakuna aliyeuliza. Agnella alijua. Angeweza kusema, na safari hii wangemsikiliza. Nilimuuliza kwa nini hasemi. Akasema amechoka kuwa mtu anayejua.

Hakumfokea Osward. Nilitamani amfokee. Alipika nyumbani kama kawaida, ila yeye alikula ugali, na wali aliwaandalia wengine akawafunikia. Mama yetu alisema mke huyo ana kiburi, amekataa mpunga wa ukoo. Osward alipungua mwili. Siku moja alinijia shuleni akaniomba nizungumze naye, nimwambie kwamba pipa lingekaa pale sokoni lingeishia kutu, kwamba kule shambani linatunzwa. Nilimwambia alirudishe. Akanitazama kama mtu niliyemwomba akate mguu. Mpunga ulikuwa bado umejaa nusu.

Hakuna pipa hata moja lililorudi. Mpunga wa mwaka ule ulipokaribia kuisha, wa mwaka mwingine ulikuwa umeshaanza kuchanua. Mudathiri, namheshimu kwa hilo, alijitolea kumtengenezea jingine, fupi, lisilo na miguu, ili lisitamanishe mtu. Agnella alimshukuru, akamwambia lisilo na miguu litachukuliwa na maji. Alikuwa sahihi, na hilo halikumsaidia kitu.

Kibanda alikibomoa mwenyewe kabla ya masika, mabati akamwachia Chiku. Vitus wakati huo alikuwa anafanya kazi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, na alikuwa amemtafutia mama yake nafasi ya kupika kwenye kambi ya wakata miwa. Ilikuwa kazi ya kuajiriwa, kwenye jiko la watu, chini ya msimamizi aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe. Alimuaga Osward kwa adabu zote, akasema anakwenda kwa mtoto. Kwetu hilo halihesabiwi kuwa kuachana. Alikaa kule miaka miwili, akafariki kwa presha, jikoni, na tulimleta tukamzika Katindiuka, kwenye kiwanja cha baba yetu. Sokoni Ifakara kuna jalala mpaka leo. Mashambani, ukipita wakati wa mavuno, utaona mapipa yenye miguu karibu kila nyumba. Wanayaita vihenge vya kukanyaga, na wengi wanaamini yalibuniwa na Mudathiri.

Nilimsindikiza Agnella stendi asubuhi aliyoondoka kwenda Kidatu. Mvua ilikuwa imenyesha, na watu walikuwa wanatafuta pa kukanyaga kati ya madimbwi na maganda ya mahindi. Alikuwa na begi moja na sufuria mbili alizozifunga kwa khanga. Nilimwambia pole, nikamwambia kwamba sisi sote wa kwetu tulimkosea, nikaendelea kusema mambo ya namna hiyo ambayo watu husema injini ya basi ikiwa inanguruma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kondakta alipopiga bodi, Agnella alifungua kioo cha dirisha akainama.

"Wifi," aliniambia, "mkumbushe kaka yako, mpunga ukiisha alirudishe pipa."